Viboko kwa Ajili ya Lambi

Alhamisi, 25 Januari

Mkutano wangu wa bahari umedoda tena. Viti tele, watu watatu, mmoja amefuata juisi. Nilitaka kusema jambo moja tu: lambi, huyu konokono wa bahari tunayempenda kwenye mchuzi, asivuliwe kabla mdomo wa gamba lake haujapanuka. Bado hajazaa! Tunawala watoto, kisha tunalia bahari imekauka.

Mjomba Alban, muuza lambi, akachungulia mlangoni. Eti hapa kisiwani Carriacou hakuna anayesikiliza kitu kisicho na kiboko.

Haya. Kiboko watakipata.

Jumamosi, 3 Februari

Nimeshona joho na kilemba kinene. Jumanne ya kanivali, sherehe ya mitaani kabla ya Kwaresima, wanaume hukutana njia panda, wanaulizana na kughani hotuba za Warumi wa kale. Ukikosea, mwenzako anakuchapa. Mimi nitaghani lambi.

Mjomba ndiye bingwa wetu. Alicheka hadi akakohoa. Mwanamke, tena na konokono! Nikamwambia Warumi wake hawajawahi kunilisha. Akasema basi, nitachapwa kama mwanaume. Sawa.

Jumapili, 11 Februari

Sauti imekwisha. Naghani nikifua, naghani nikipika. Wavuvi wa kijiji cha Windward wananizomea: mwalimu wa konokono, mdomo umepanuka leo? Wazomee tu. Sinyamazi.

Jumanne, 13 Februari

Nimekaa kwenye ngazi za duka, bega linawaka moto.

Njia panda ya kwanza Mjomba aliniuliza: lambi hukomaa kwa miaka mingapi? Swali la mtoto! Nikajibu — sijui shetani gani alinipitia — miwili. Kabla hajainua kiboko, wavuvi walewale wa Windward wakapiga kelele: minne, mwalimu! Mchape! Mmoja akamalizia habari ya mdomo wa gamba, neno kwa neno. Mjomba akanichapa bila huruma. Nililia, na nilifurahi mno.

Akaninong'oneza nirudi nyumbani, nimeshaaibika. Nani, mimi?

Sasa tuko mjini Hillsborough na zamu ya kuuliza ni yangu. Asubuhi nimepita mezani kwake sokoni, nimeyaona magamba, midomo haijapanuka. Nitamuuliza mbele ya watu wote: Mjomba, lambi uliowauza leo, midomo yao ilikuwaje? Mama amenivuta joho. Anasema huyo ni kaka yangu, mwanangu, muulize habari za Warumi.

Filimbi imelia. Mjomba anakaza kilemba. Wavuvi wamesogea mbele, hawazomei. Kiboko ninacho mimi, na Mama bado hajaachia joho —