Pointi Moja ya Pole

Jumamosi, mwezi wa saba. Mvua nyembamba tangu alfajiri, ile ya Brussels ambayo hailoweshi wala haikuachi ukauke. Wanasema ni kiangazi. Nimevaa soksi.

Leo sikuweza kukaa.

Niliamka nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nikaisogeza meza hadi dirishani, nikaitazama, nikairudisha ilipokuwa. Nilichemsha chai, nikaisahau juu ya friji, nikachemsha nyingine, nayo ikapoa hivyo hivyo. Jirani wa chini aligonga dari yake kwa fagio, na sikumlaumu. Nilikuwa nazunguka humu ndani kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Sababu naijua. Leo Shemeji alikuwa anacheza, na kama angefunga magoli mawili angempita Mzee wa Picha.

Niseme vizuri, maana wengine mnaosoma hapa hamkumjua kaka yangu Issa.

Mimi na Issa tulizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na tulipokuwa wadogo tulilala godoro moja, yeye upande wa ukuta kwa sababu aliogopa mlango. Vita ilitupitisha kambini Tanzania. Kutoka huko yeye alipelekwa Australia, mimi nikaja huku Ubelgiji, na hatukuonana tena ana kwa ana. Tulikuwa na simu tu. Na kwenye simu tulikuwa na mpira.

Si mpira wetu huu wa miguu. Kule Melbourne wana wao, wanaucheza kwa mikono na miguu katika uwanja wa mviringo, na mpira wenyewe umechongoka huku na huku. Golini kuna nguzo nne, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Ukiupiga ukapita kati ya zile ndefu, hilo ni goli, pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya ndefu na fupi, unapewa pointi moja. Mwanzoni sikuelewa kwa nini mtu aliyekosa apewe kitu. Nikamuuliza Issa.

"Hiyo ni pole, Mwajuma," aliniambia. "Amekosa, basi wanampa pole."

Toka siku hiyo hilo likawa jina lake. Kapata pole. Leo pole tupu, goli hakuna. Kwa Kiingereza wana neno lao, aliwahi kunitajia, nimelisahau. La Issa lilitosha.

Alikuwa akinipigia kila Jumamosi timu yake ikicheza. Hakuanza kwa salamu. Alisema, "Umekaa?" Nikimjibu nimekaa, ndipo anaanza kunitangazia, huku anatafuna karanga, nilizisikia zikivunjika kabla ya kila jambo kubwa. Karanga zikinyamaza, nilijua Shemeji ana mpira mkononi.

Shemeji ni mshambuliaji wao. Jina lake halisi silitaji hapa, hatujuani naye, wala yeye hajui kwamba kuna mwanamke huku Anderlecht anayemwita hivyo. Nilipoachika, Issa alinitumia picha ya kijana mrefu mwenye mapaja kama magogo, na chini yake akaandika, "Nimekutafutia huyu." Akawa Shemeji. Shemeji ameumia goti. Shemeji amekata nywele, hazimpendezi. Mambo yetu ya kijinga, ya kujichekesha wawili.

Mzee wa Picha naye ni mchezaji wa zamani sana, wa enzi za picha nyeusi na nyeupe. Picha yake imetundikwa ukutani pale watu wanapoingilia uwanjani, amesimama mikono kiunoni, kaptula imembana. Ndiye aliyeifungia klabu ile magoli mengi kuliko wote, na hakuna aliye hai mtaani kwa Issa aliyemwona akicheza. Issa alikuwa akipita hapo anamwamkia, shikamoo mzee, watu wanamshangaa.

Miaka yote hii Shemeji alikuwa anapanda ile orodha. Kila alipompita mtu Issa alinieleza huyo aliyepitwa alikuwa nani, kana kwamba tunamzika. Huyu alicheza na mkono uliovunjika. Huyu alikuwa muuza nyama. Wapo waliosema si haki kuwalinganisha, kwamba Mzee alicheza kwenye matope hadi magotini na mpira uliolowa, mzito kama jiwe. Issa aliwakubalia. "Orodha haiandiki matope," alisema. Lakini bado alitaka Shemeji awe wa kwanza. Alitaka kwa nguvu, kama mtoto anavyoitaka Idi.

Akaniwekesha ahadi. Siku Shemeji atakapompita Mzee, nipige kigelegele, popote nitakapokuwa. Hata kazini. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba moja kule Woluwe, watu wa kulala mchana na kuzungumza kwa kunong'ona. Nikamwambia watanifukuza. Akasema, "Wafukuze. Lakini kipigwe."

Mwezi wa tano moyo wake ulisimama akiwa anafunga viatu aende kazini. Walimzika kesho yake. Mimi nilikuwa huku, nimesimama katikati ya jikoni na simu sikioni, nasikiliza watu wakiitikia dua.

Sijapiga kigelegele tangu hapo. Harusi ya binti wa rafiki yangu mwezi uliopita wenzangu walipiga, mimi nilifungua mdomo pakatoka upepo.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, au ingeweza kuwa. Nikajiambia sitatazama. Nikajiambia nitasoma matokeo jioni kama mtu mzima. Nikayafunga mapazia kwenye mfuko, nikashuka nayo kwenye mashine za kufulia za mtaani ili yakaukie huko.

Ndani nilimkuta Maman Espérance, jirani yangu wa Bukavu, anakunja mashuka. Alikuja matanga yangu siku zote tatu, na sufuria ya maharage kila siku. Nilikaa. Nikasimama. Nikaenda kutazama mapazia yanavyozunguka.

"Weye Mwajuma, bon, iko nini leo? Unatembea-tembea sawa kuku anatafuta fasi ya kutaga."

Nikamwambia Shemeji anacheza.

Akaacha shuka lining'inie. "Ah, voilà. Mi nilikuwa na ile neno ku roho, nikaogopa kuuliza. Beau-frère yako, ule shemeji wa mupira, alikuyaka ku maziko?"

Nilimtazama nisielewe.

"Sababu kwa kanisa tulimuombea," akaendelea. "Ile siku goti ilimuumizaka, nilisema, bandugu, tuombee shemeji ya Mwajuma, iko naumwa goti kule Australie. Na pasta aliomba, muzuri kabisa."

Maman Espérance aliamini miaka yote hii. Na ningemlaumu vipi, ni mimi niliyekuwa nikisema Shemeji hivi, Shemeji vile, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kanisa zima la watu wa Kivu limeliombea goti la mtu ambaye hatumjui, na goti likapona, akarudi kucheza. Nilitaka kumweleza. Lakini hapo simu ikalia.

Ilikuwa namba ya Issa.

Sijaifuta. Kisha nikakumbuka kwamba wifi Zawadi, mke wake, anaitumia sasa simu ile.

"Umekaa?" akauliza.

Nilikaa kwenye ukingo wa dirisha.

Lazima niwaambie kwamba Zawadi aliuchukia mpira ule. Jumamosi nilikuwa nikimsikia nyuma ya Issa akigonga sufuria makusudi. Sasa yuko ndani ya eda, hatoki, hajipambi, watoto wako kwa mjomba wao hadi kesho, na nyumba, alisema, imekuwa kubwa ghafla. Akaiwasha televisheni apate sauti ya watu tu. Ikawaka palepale Issa alipoiacha, na mpira ndio kwanza umeanza.

"Wifi, watu wakinikuta natazama mpira ndani ya eda watasema nini?"

"Punguza sauti."

"Nimepunguza. Na pazia nimefunga. Sasa niambie, huyu Shemeji wako ni yupi? Wote wana mapaja."

Nikamwambia namba iliyo mgongoni. Basi akaanza kunitangazia, na sijawahi kusikia utangazaji kama ule. Kamruka mwenzake. Wamemvuta fulana. Huyu naye kakaa juu ya mtu. Sasa wanakumbatiana, sijui wamepatana. Kila dakika anauliza kwa nini hawafukuzwi. Issa alikuwa akinipa mpira. Zawadi alinipa ugomvi wa mtaani. Maman Espérance alisogea na shuka lake, akaegemea mashine iliyo karibu nami, nikaiweka simu asikie naye. Sikuwa na nguvu ya kumweleza tena.

Goli la kwanza lilikuja kabla ya mapumziko. Zawadi alilijua kwa sababu mwamuzi anayesimama golini alitoa vidole viwili, kisha akapunga bendera mbili. "Viwili ni vizuri, eti? Wanaruka." Nikamwambia ni vizuri.

Hapo walikuwa sawa, Mzee na Shemeji. Lilibaki moja.

Ndipo ile hali ya asubuhi ikanirudia. Nilisimama, nikakaa. Mapazia yalikuwa yamekauka, nikayatoa, nikayakunja, nikayakunjua. Nilikuwa natafuta ulimi wangu mdomoni, naupima, kama utaweza. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama. Sasa nakiandika, ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Sikutaka afunge.

Kwa sababu Issa alikufa akisubiri, na mradi goli lile halijafungwa, bado anasubiri. Yuko upande mmoja na mimi, tunangoja kitu kimoja. Likifungwa, litakuwa jambo la kwanza kubwa asilolijua. Atakuwa mtu wa zamani, wa wakati ule Mzee alipokuwa wa kwanza. Nilimwonea huruma yule Mzee mwenye kaptula kuliko nilivyowahi. Nikamwombea, nisamehewe, mtu aliyekufa ambaye hata dini yake siijui.

Mchezo ulikwenda hadi mwisho hivyo hivyo. Kisha Zawadi akasema king'ora kimelia, watu wamesimama, lakini Shemeji ana mpira mkononi na kila mtu anamtazama yeye. Mimi nikajua. Issa alinifundisha: ukiudaka mpira safi kabla ya king'ora, unaruhusiwa kuupiga hata kikishalia. Mtu mmoja, mpira mmoja, uwanja mzima umenyamaza.

"Anafuta mkono kwenye kaptula," Zawadi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anaurusha kidogo, anaudaka. Anarudi nyuma. Wifi, kwa nini anarudi nyuma?"

Niliusikiliza ukimya wa nyumba ile. Hapakuwa na karanga.

"Kapiga."

Maman Espérance alinishika mkono.

"Katoa kidole kimoja," Zawadi akasema. "Yule mzee wa golini. Kimoja, na bendera moja. Kimoja ni kizuri au kibaya?"

"Ni pole, wifi."

Akajibu polepole, kwa ile sauti ya mtu aliyeambiwa hivyo na kila anayeingia mlangoni tangu mwezi wa tano: "Nimeshapoa, wifi yangu. Asante. Na wewe pole."

Nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia hapana, wifi, si hiyo, pole ni ile pointi moja, Issa ndiye aliyeiita hivyo, ukikosa wanakupa pole. Halafu nikamsikia naye, anacheka ndani ya eda yake, na pazia limefungwa, anacheka huku analia, anasema, kumbe. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akipiga kelele sebuleni, pole, pole, pole, na mimi jikoni nadhani ananipa pole kwa kupika.

"Nilikuwa namjibu," akasema. "Kila mara. Nilikuwa namjibu asante."

Maman Espérance hakuelewa tunacheka nini, lakini alicheka pia, kisha akaniuliza kwa upole kama beau-frère amefungwa. Nikamwambia amebakiza goli moja. "Bon," akasema, "kesho tutamuombea tena." Nikamwacha. Nitamweleza siku nyingine, au nisimweleze.

Nimerudi, nimetundika mapazia. Mvua bado. Jirani wa chini ametulia kwa kuwa na mimi nimetulia kiasi, ingawa ninaandika haya nimesimama, kompyuta iko juu ya kabati.

Kabla ya kukata simu Zawadi aliniuliza kama wanacheza tena Jumamosi ijayo. Nikamwambia wanacheza. Akasema basi atanipigia, ila nimfundishe ni wakati gani mtu anatakiwa kupiga kelele.

Nimejaribu ulimi wangu bafuni, maji yakiwa yanatiririka. Kigelegele kimetoka kidogo, kimekatika katikati.

Jumamosi Zawadi ataniuliza kama nimekaa. Maman Espérance na kanisa lake watakuwa wameshaomba. Goli moja tu, Issa. Mimi niombe nini?