Siku Sita Ziwani na Mama

Nyumbani,
Jumapili, 18 Agosti

Kaka mpendwa,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Na mgongo wako umepoa, au bado unabebeshwa maboksi pale ghalani? Sisi wazima. Sare za shule zimenijaa hadi kitandani, na shemeji yako yuko chini ya gari la mtu kama kawaida.

Tulimpeleka mama ziwani. Najua utauliza pesa tulitoa wapi. Hata sisi tulijiuliza.

Siku ya kwanza tulifikia hoteli: mimi, mume wangu, mabinti wawili na mama, chumba kimoja, bei ya kutoa machozi. Tukaingia mgahawani. Mama akaishika karatasi ya bei, akaisoma taratibu, akairudisha mezani. "Mimi nimeshiba," akasema. Ameshiba nini, kaka? Tangu asubuhi alikunywa chai tu! Nikamwagizia kwa hasira. Nusu akawagawia wajukuu, nusu akaiangalia ikipoa. Unajua alivyo tangu tumzike baba: anajibu akiulizwa, anakula akilazimishwa, basi.

Kesho yake shemeji yako akatoka kutafuta pa bei nafuu. Nikadhani ataambulia patupu, akarudi anacheka. Shule moja ya bweni ilikuwa imefungwa, na matroni ameruhusiwa kupangisha vitanda wakati wa likizo. Magodoro membamba, bafu la wote, lakini jiko unatumia bure ukija na mkaa wako. Kwa bei ya siku moja hotelini tukapata siku tano.

Mimi nilitaka tununue mkate na mayai, tusijichoshe. Mama akanyanyuka. "Nipeleke sokoni."

Sikuamini. Alizunguka meza zote, akamkaba muuza nyanya kwa bei mpaka yule dada akacheka: "Mama, utanifilisi!" Akapika wali na maharage kwa masufuria ya shule, yale ya kulisha jeshi. Mikono yake haijawahi kujua kupika kidogo, kwa hiyo tukamwita matroni, na seremala mmoja aliyelala bweni la pili na familia yake. Kesho yake wao wakaleta samaki, sisi mchele. Ikawa hivyo hadi mwisho.

Nakiri, mwanzoni niliona aibu. Nilitaka mama akae, ahudumiwe kama watu wengine. Kumbe kukaa ndiko kulikuwa kunammaliza.

Siku ya mwisho tulikuwa tunaosha vyombo, yeye na mimi. Akasema tu, huku anasugua sufuria, "Baba yenu angelalamikia chumvi."

Miezi kumi na moja, kaka, hakuwahi kumtaja. Nikamuuliza, "Angesema imezidi au imepungua?"

"Yule? Vyovyote vile angelalamika."

Akacheka, kisha akalia, kisha akanigombeza kwa kuacha maji yanamwagika.

Kwa hiyo ukipiga simu, usizungukezunguke tena kwa habari za hali ya hewa. Muulize kuhusu baba. Ana mengi ya kusema, na mimi mengine sikuwahi kuyasikia.

Msalimie sana wifi, na yule Kibonge wako mwambie shangazi anamshonea kaptura, atume vipimo. Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu salama.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako