Mke Wangu Salome na Fomu ya Dar

Jumanne, 5 Novemba 2024

Mjukuu wangu Salome, yule wa redio, kaniletea fomu za shirika moja la Dar. Wanaorodhesha watu wanaonyimwa haki zao mitandaoni, na waandishi wanaosumbuliwa. Eti nafaa, kwa sababu nashinda kwa fundi baiskeli hapa Mazwi na kila umbeya unapita kwangu kwanza. Nikamwambia niliishia darasa la nne. Akasema fomu haiulizi darasa. Inataka tarehe, saa, nani kafanya nini. "Na babu, usitie chumvi."

Bila chumvi. Mboga gani hiyo?

Jumatano, 6 Novemba

Nimejaza mbili. Ya kwanza: Flavian, admin wa kundi la kwaya, kanitoa kwenye kundi kwa sababu niliandika kwamba sauti ya tatu inalia kama mbuzi wa Chala. Uhuru wa kujieleza huo. Ya pili: Zita, mke wangu wa ndoa, kasoma meseji zangu bila ruhusa. Faragha. Zita anasema hakukuta cha maana. Nimeongeza: udhalilishaji.

Salome kazichana zote.

Ijumaa, 8 Novemba

Leo si mchezo. Wakulima wamepanga foleni ya mbolea ya ruzuku tangu alfajiri, mlango wa mbele wa ghala. Mlango wa nyuma mifuko inapakiwa kwenye gari. Salome akapiga picha. Bwana mkubwa mmoja kamnyang'anya simu. Jina silitaji, siku hizi hata daftari linasema. Nitamwita Kofia, maana haivui hata akiwa ndani. Kasema simu ataitoa Jumatatu, ila Salome aifungue mbele yake, aone kuna nini.

Humo kuna sauti ya Rozina, Salome kairekodi. Rozina anafagia ghala hilo hilo na ndiye aliyemtonya Salome. Ana watoto wanne. Salome hajala tangu mchana. "Babu, nikitoa namba ya siri, Rozina kazi hana."

Nimejaza fomu kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa barua za posa. Saa tano na dakika ishirini asubuhi. Aliyetendewa: Salome, miaka 23. Uhusiano: mke wangu. Ndivyo nimwitavyo tangu anatambaa. Fundi kaipiga picha kwa simu yake, ikaenda Dar kabla Salome hajaiona.

Jumapili, 10 Novemba

Dada wa Dar, Martha, kapiga nikiwa misani. Simu niliiacha nyumbani, Zita kapokea. (Tazama fomu ya pili, iliyochanwa.) Martha kauliza kama kweli mzee wa miaka sabini na mbili ana mke wa miaka ishirini na tatu.

"Ndiyo," Zita kasema. "Ni mke mwenzangu huyo. Mvivu wa vyombo, ila mume wetu anampenda."

Martha kauliza nilimuoa lini.

"Siku aliyozaliwa."

Huyo Martha alilelewa bila babu? Sasa shirika limesimama. Mwanasheria wao hampigii Kofia kudai simu mpaka ijulikane mimi ni shahidi au mtuhumiwa. Nilicheka mpaka nikaona Salome analia. Nikaacha.

Nimempigia Martha, nikasema ni mjukuu, ni utani. Kasema, "Sawa, mzee wangu. Lakini kama hapo uliandika utani, zile saa na dakika nitaziaminije?"

Nikamwomba radhi. Mimi!

Kasema niandike upya, mwanasheria atajaribu kesho.

Jumatatu, 11 Novemba

Tuko kwenye benchi, nje ya ofisi ya Kofia. Mwanasheria hajapiga. Fomu mpya iko chini ya daftari. Mjukuu, nimeandika. Mara mbili, wasikosee.

Saa nne na dakika tano. Kofia katoka na simu ya Salome mkononi. "Na wewe mzee, huyu ni nani wako?" Lile neno lilishafika ulimini. Nikasema mjukuu. Salome kanitazama kama mtu aliyepewa talaka.

Saa nne na dakika nane. Kamwambia afungue simu. Salome kasema hafungui. Kamwambia tena. Hafungui. Mikono ameikalia.

Saa nne na dakika kumi. Kofia kaniuliza naandika nini. Nimemwambia naandika saa. Na kwamba limebaki pengo moja tu, la aliyetenda. Anitajie majina yake matatu, taratibu, nisikosee herufi. Watu wa Dar hawapendi makosa.

Kavua kofia.