Ndege Kwanza, Nyuso Baadaye

Maili Moja, Kibaha
21 Novemba 1976

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na lile goti limekupa nafasi ya kwenda shamba. Mimi mwanao ni mzima, nakula na kulala vizuri, wasiwasi wangu ni nyinyi tu huko Marui.

Uliuliza kama Bwana Anselmi, mwenye studio ya picha, ananifundisha kazi au ananifagilisha tu. Baba, miezi mitano ya kwanza nilifagia kweli! Ndipo akanipa brashi ya kutia picha rangi, akanionya nisiguse picha ya mtu. Alisema ukiharibu pua ya mtu, asubuhi utamkuta mlangoni. Nianze na ndege. Nikiwaweza, atanipa nyuso. Nami nyuso ndizo nilizozitaka kufa na kupona.

Ndege wenyewe ni wa Mwalimu Margareth, aliyewapiga picha kule Mto Ruvu kwa kamera ya kuazima ili awatundike darasani. Picha kumi na mbili, hazina rangi, na zote mbovu. Yangeyange mweupe juu ya maji yanayong'aa, utaona nini? Doa tu, kama uji uliomwagika. Bwana Anselmi akaniletea kalenda ya Ulaya yenye batamaji, shingo ndefu, midomo myekundu, akaniagiza wetu wafanane na hao. Nikafanya. Mwalimu alipowaona alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakasirika, akasema watoto wa Ruvu wanawajua ndege wao, watamwona mwongo. Bwana Anselmi akanigeuzia kibao, eti nimeharibu mimi! Akanipa wiki moja, nikishindwa nirudi kwenye ufagio.

Loo, nililia kwa hasira. Halafu nikakumbuka misimu yote niliyoamia mpunga wako, nikifukuza ndege. Nani awajue kunishinda? Nikafuta ile rangi kwa pamba, nikaweka kivuli cha kijivu chini ya bawa, unyoya mmoja mmoja, na mdomo nikaupa manjano yake. Kalenda nikaigeuza ukutani. Jumamosi Mwalimu alizichukua picha zote, na Bwana Anselmi, ambaye kusifu kwake ni kukohoa, alikohoa mara mbili. Jumatatu naanza nyuso.

Sasa Baba, kaa kitako. Ile picha ya marehemu Mama iliyopotea sandukuni, uliyomgombezea Kaka Mwinshehe hata mkanuniana Ramadhani nzima, niliichukua mimi. Niliona maji ya mvua yameingia na uso umeanza kufutika, nikaogopa kukuambia, nikaificha kwenye kanga zangu. Ndiyo iliyonileta studio. Nisamehe sana, na tafadhali umwambie Kaka leo hii kwamba hana kosa.

Iko mbele yangu hapa. Gauni na mikono nimeshasafisha. Uso naweza kuutengeneza. Lakini ndege niliwajua, Baba. Mama aliniacha natambaa. Upande wa kushoto, kuanzia jichoni hadi kidevuni, hakuna kitu, na sitaki kubuni. Niandikie: alikuwa na kidoti? Akicheka, shavu lilibonyea? Andika yote, hata yale unayoona haya kumwandikia mwanao. Sitachovya brashi mpaka nipate jibu lako.

Nisalimie Shangazi Mwanakheri na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde.

Ni mimi binti yako,
Sikuzani