Mashine ya Kumhesabia Baba Mvua

Kibondo, Jumamosi alasiri, mwanzo wa Februari 1977. Jua kali. Mvua zimepumzika.

Sauti iliyobaki kichwani mwangu wiki nzima ni ya mkono wa chuma. Krrrak, kimya kidogo, kisha kengele ndogo. Niliisikia mara moja tu, Jumatatu, katika kibanda cha fundi saa pale Kasulu, alipouvuta mkono wa mashine ya kujumlishia iliyotoka katika ofisi moja iliyofungwa. Karatasi ikachomoza ikiwa na jumla yake. Mashine haikusita wala haikurudia. Nikajisemea kwamba hivyo ndivyo kichwa cha baba kilivyokuwa, na kwamba sasa hakiko hivyo tena.

Naandika haya kwanza ili nisije nikasahau kwamba nilijisemea hivyo.

Baba anapima mvua. Kipima chenyewe, silinda ya shaba yenye mdomo kama faneli, kimo ndani ya kiuzio cha miti nyuma ya nyumba yetu, na kimekuwapo tangu sijaanza shule. Kila siku saa tatu asubuhi anayamimina maji katika kioo chembamba chenye alama, anakiinua usawa wa jicho, anasoma. Kila mwisho wa mwezi anapeleka fomu mkoani. Hapati chochote kwa kazi hiyo isipokuwa jina. Watu wanamwita Mzee Mvua, na wanaopita njiani humtania kwa kumuuliza kama leo itanyesha. Jibu lake ni lile lile: "Kaulize mawingu, mimi napima ya jana."

Kioo chake ni cha zamani, kina alama za inchi. Ofisi inataka milimita. Kipya kiliahidiwa, hakijafika. Kwa hiyo baba husoma inchi na kuandika milimita, na hesabu yote huifanya kichwani.

Wiki mbili zilizopita ofisi ilimrudishia fomu ya Desemba. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba jumla ya mwezi hailingani na siku zake, na kwamba kama mpimaji hawezi tena, atafutwe mwingine. Baba hakunielezea mengi. Alimpa muuguzi mmoja aliyekuwa akija Kasulu kikaratasi aniletee shuleni ninakofundisha. Kiliandikwa: "Yustina, nitafutie ile mashine ya mjini isiyochoka. Ikishindikana waje wachukue kipima chao."

Nilikisoma mara moja nikakiweka katika kitabu cha jiometri. Sikulia. Nilianza kutafuta mashine, kwa sababu kutafuta mashine ni kazi, na kazi inajulikana ianzie wapi.

Ya fundi saa ilikuwa ya kwanza. Bei yake naiweza na haihitaji betri. Lakini inajumlisha na kutoa tu. Kuzidisha ni kuuvuta mkono tena na tena, na ina uzito wa jiwe la kusagia. "Hii hata mjukuu wako ataikuta inafanya kazi," fundi aliniambia. Sina mtoto, nikamjibu. "Ndiyo maana nakwambia mjukuu," akasema, "usiwe na haraka." Aliahidi kuniwekea mpaka Jumatatu.

Ya pili ni ya Elia, mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro. Nyembamba, inaingia mfuko wa shati, na tarakimu zake ni za kijivu. Anasema betri yake inamaliza mwaka. Nikamuuliza baada ya mwaka itakuwaje. "Baada ya mwaka unamwandikia mtu wa Dar," alisema, kana kwamba kila nyumba ina mtu wa Dar. Hata hivyo alinikopesha niijaribu nyumbani, na nilikuja nayo jana katika basi nimeishika mkononi kama yai.

Ya tatu niliikuta jana hiyo hiyo niliposhuka, hapa sokoni Kibondo, kwa Mama Lusia. Alikuja kutoka Burundi miaka mitano iliyopita na watoto wawili na cherehani. Sasa anauza chumvi, sabuni na chochote ambacho mpwa wake anampatia. Kati ya sabuni kulikuwa na mashine ya kuhesabia ya ukubwa wa mche mmoja.

"Kalkilatrisi hii, dada. Haijaguswa hata na vumbi."

"Mbona kitufe cha saba kimefutika?"

"Saba ni namba ya Mungu. Kila mtu anataka kuigusa."

Tarakimu zake ni nyekundu na zinawaka. Inakula betri nne ndogo ambazo hapa Kibondo hazipatikani. Lakini Mama Lusia alikuwa tayari ameliona tatizo hilo: alitoa nyaya mbili nyuma ya mashine, akazifunga kwenye betri nne kubwa za tochi zilizolazwa juu ya ubao na kubanwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ndivyo watu hapa wanavyosikiliza redio. Betri zikichoka zinaanikwa juani, zinarudi kidogo.

"Nenda nayo," alisema. "Ikikudanganya, irudishe kesho. Ikisema kweli, usiirudishe. Niletee pesa."

Leo asubuhi baada ya chai niliziweka zote mbili juu ya meza ukumbini, ile nyembamba na ile yenye ubao wake. Baba aliishika ya Elia, akaisogeza karibu na jicho, akanyoosha mkono mpaka mwisho, akaigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga. "Imewashwa?" aliuliza. Ilikuwa imewashwa. Nikaizima, nikaiweka kando.

Ya Mama Lusia aliiona akiwa ameketi kitini pake. "Inawaka kama macho ya paka," alisema. Nilifurahi, nadhani. Nilikuwa nimeshaamua ndani yangu kuwa mashine yoyote itakayoshinda, baba ameshindwa, na furaha yangu ilikuwa ya mtu anayemchagulia mgonjwa fimbo nzuri.

Nikamwonyesha. Inchi moja nukta mbili, zidisha kwa ishirini na tano nukta nne, milimita zilizomo katika inchi moja. Kabla sijamaliza kubonyeza alisema, "Thelathini na nusu." Mashine ikaonyesha thelathini nukta nne nane.

"Inaniibia," alisema.

Nikamuuliza anafanyaje. Sikuwahi kumuuliza. Nimesoma hisabati mpaka kidato cha sita, na nilichowahi kusikia ni yeye akinong'ona ishirini na tano, ishirini na tano, nikahitimisha kwamba anaisahau ile nukta nne.

"Kwanza ishirini na tano," alisema. "Halafu nyongeza. Kama maharage. Mama akikupimia kopo moja anakuongezea kidogo, akikupimia debe anakuongezea mkono mzima. Mvua ndogo, nyongeza ndogo. Inchi mbili ni hamsini, na nyongeza nukta nane."

Nilibonyeza. Hamsini nukta nane.

Nilimtajia nyingine saba au nane. Alikosea moja, kwa unywele. Ningepaswa kusimama hapo na kujiuliza. Badala yake nilichukua nakala ya fomu ya Desemba, ile ya karatasi ya kaboni inayobaki nyumbani, nikaanza kujumlisha siku zake. Nilitaka kuijaribu mashine. Hilo ndilo nililojiambia.

Mashine ilitoa mia moja sitini na tatu nukta nane. Chini ya fomu palikuwa na mia mbili kumi na nne nukta sita.

Baba aliziona zile tarakimu nyekundu. Hakuhitaji miwani. Alitazama pia chini ya fomu, akaweka viganja vyake juu ya magoti.

"Basi ni kweli," alisema. "Waandikie. Wampe mwingine."

Kisha akatoka uani, akasimama karibu na kiuzio, amenipa mgongo. Nje mwanamke mmoja mwenye mzigo wa kuni alimsalimia, akamuuliza kwa utani kama leo itanyesha. Baba aliitikia salamu tu.

Mimi nilikuwa na mazoea ya darasani. Majibu mawili yakitofautiana, unatafuta tofauti. Nikatoa moja katika nyingine.

Hamsini nukta nane.

Namba hiyo ilikuwa bado na joto la vidole vyangu. Nikavuta fomu ya Januari, ambayo haijajumlishwa kwa sababu baba aligoma kuijumlisha tangu ile kalamu nyekundu. Mstari wa kwanza, tarehe mosi: hamsini nukta nane. Mwandiko wangu. Nikarudi kwenye Desemba, mstari wa mwisho, tarehe thelathini na moja. Kistari, maana yake hakuna mvua. Mwandiko wangu.

Nilikuwa hapa likizo. Asubuhi ya mwaka mpya baba alikuwa amelala na homa, na mimi nilikwenda kupima badala yake. Maji yalikuwa inchi mbili kamili. Na kila anayekua katika nyumba hii anajua, kama anavyojua mlango uko wapi, kwamba maji unayoyakuta saa tatu asubuhi ni ya jana. Yanaandikwa kwenye jana. Mimi nilifungua fomu mpya, safi, ya mwaka mpya, nikayaandika kwenye leo. Nakumbuka hata nilivyoipenda ile karatasi tupu. Kisha nikaona Desemba imebaki na nafasi moja, nikaiziba kwa kistari.

Nilipoingia ndani baba aliuliza ngapi. Nikamwambia inchi mbili. Alifumba macho. Kesho yake, homa imepungua, alinitajia jumla ya Desemba kutoka kichwani, mimi nikaiandika bila kuihakiki. Nilikuwa nafunga begi. Siku zilizofuata zilikuwa kavu, na siku kavu baba haandiki kitu; mvua iliporudi aliandika kwenye mistari ya chini, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuutazama tena ule mstari wa kwanza.

Kichwa chake kilikuwa na mvua yote ya Desemba. Karatasi yangu ndiyo iliyoipoteza.

Sasa niandike sehemu nisiyoipenda. Baba alikuwa nje, hajaona kitu. Nilikuwa na kifutio mezani. Ningeweza kufuta kistari, kurudisha ile namba mahali pake, kutuma fomu iliyosahihishwa na kumwambia baba mashine imekuta kosa dogo la kunakili, ofisi imeridhika. Angebaki na kipima chake. Mimi ningebaki yule binti aliyemsaidia. Nilikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko nitakavyokubali nikiulizwa. Niliona pia kasoro yake: baba angeendelea kuamini kwamba kichwa chake kimeanza kumwacha. Angeanza kutojiamini hata kwenye vitu vingine. Angeniomba nimhesabie nyanya.

Saa tatu ikafika. Alikifungua kipima, kama kila siku, japo hakuna mvua. Nilikwenda na fomu zote mbili, nikasimama upande wa pili wa kiuzio, nikamwambia. Nilisema kwa mpangilio, tarehe moja baada ya nyingine, kama ninavyomweleza mwanafunzi. Sikuomba msamaha mpaka mwisho, kwa sababu kuomba msamaha mapema kungemlazimisha anifariji.

Alikigeuza kioo kitupu mkononi.

"Ile mvua niliisikia," alisema. "Nilikuwa na homa, lakini niliisikia."

"Ndiyo, baba."

"Nikasema, hata kama nakufa, hii ni ya Desemba."

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Aliniuliza kama ile mashine ingeweza kulijua kosa langu yenyewe, bila mimi kuandika kitu. Nikamwambia haiwezi. Inahesabu inachopewa. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa na shaka na mgeni na sasa amemwelewa.

Aliongeza jambo moja tu. "Utaandika wewe?"

Nimeandika. Barua ina aya mbili. Ya kwanza inasema jumla ya Desemba ilikuwa sahihi, na kwamba kosa ni la aliyepima tarehe mosi Januari asubuhi, ambaye hakuwa mpimaji. Ya pili inataja jina langu na shule ninayofundisha, na inaomba kwamba kama kuna wa kuzuiwa asikiguse kipima kile, niwe mimi. Pamoja nayo niliweka fomu mbili mpya, ya Desemba na ya Januari, alizozijaza baba mwenyewe. Niliikabidhi kwa kondakta wa basi la saa sita mchana. Wakati huu naandika, lazima imeshapita Kasulu.

Kutoka stendi nilikwenda sokoni nikamlipa Mama Lusia. "Imesema kweli?" aliuliza. Nikamwambia imesema, ila si niliyokwenda kuitafuta. Akanipa mche wa sabuni juu, nyongeza. Ya Elia nitamrudishia Jumatatu, na fundi saa nitamwambia auze chuma chake kwa mwenye wajukuu.

Mashine itabaki Kibondo. Baba ameipangia kazi: itamhakiki yeyote atakayepima siku ambazo yeye anaumwa. Hakusema jina. Ameiweka dirishani, ubao na betri zake vikiota jua.

Kama nusu saa iliyopita yule mwanamke wa asubuhi alipita tena, safari hii bila mzigo, akapaza sauti kutoka njiani kuuliza kama itanyesha.

"Kaulize mawingu," baba alimjibu kutoka uani, "mimi napima ya jana!"

Nakala ya fomu mpya ya Januari iko hapa mbele yangu. Mstari wa kwanza una kistari, kwa mwandiko wake.