Umekata Kamba ya Watu

Chwaka, 9 Septemba 2024

Wakil,

Umekufa? Nauliza kwa sababu waliokufa husomewa khitma, na mimi yako sijaisoma. Tangu Idi Kubwa hujatia mguu hapa. Kutoka Mjini mpaka Chwaka si safari ya Makka. Pweza wa Ame mchuuzi huondoka huku wabichi na hufika soko la Darajani wabichi. Wewe ndiye uliyeoza njiani.

Hujambo lakini? Mimi sijambo, goti tu linataka kuniamrisha, nalo halijui limemkuta nani. Dada yako Mardhiya, anayeniandikia, hajambo na mimba yake, kliniki kashaandikishwa.

Naandika barua kwa sababu simu unanikatia. Nikianza tu, uko kazini. Barua huikatii njiani. Utaisoma mpaka mwisho au utaichana, na ukiichana utajua mwenyewe ulichofanya.

Haya, kazi gani hiyo? Watu wananiuliza. Jirani yangu Bi Bashira, mwanawe Pandu yuko ofisi hiyo hiyo na wewe, na yeye anajua kueleza: Pandu katengeneza programu ya kituo chetu cha mama na mtoto, mjamzito akitaja jina, kompyuta inamtoa na habari zake zote. Nikiulizwa wako anafanya nini, nasema anakaa kwenye baridi. Niandikie, tena kwa maneno ya watu.

Mimi bibi yako na mke wako usiyemlisha,
Kazija binti Ubwa


Mji Mkongwe, 20 Septemba 2024

Shikamoo bibi,

Mimi mzima, alhamdulillahi, na naomba goti liwe limepungua. Nisamehe kwa kupotea. Kazi ni nyingi, na si ya kukaa kwenye baridi tu.

Programu, bibi, kwanza huandikwa, halafu hujengwa ili kompyuta iweze kuitumia, halafu husimikwa mahali pake kwenye kompyuta kubwa ya ofisi, na wenyewe wanaitumia kutoka huko waliko. Tunazo kumi na moja: ya kituo chenu, ya skuli, ya maji, na nyenginezo. Kila moja ina faili lake dogo la amri, tunaliita Makefile: jenga hiki kwanza, kisha kile, kiweke hapa. Lakini amri nyingi zinafanana. Basi zile za kufanana tumeziweka kwenye faili moja la pamoja, na kila faili dogo lina mstari unaosema: nichukulie na ya kule. Ukiandika mahali pamoja, zote kumi na moja zinasikia.

Faili hilo kaliandika Pandu, na wallahi ni la kizee. Limejaa hadhari: kama mwenye programu keshataja pa kuiweka, fuata lake, kama hakutaja, weka pa kawaida. Ile ya maji, ambayo ni yangu, ilikuwa inanisumbua, haikai nnapotaka. Nikaona huu upuuzi. Nikaingia kwenye la pamoja, nikaiondoa hadhari, nikaandika mahali nnapotaka mimi, basi. Mstari mmoja tu. Yangu ikasimama palepale. Kompyuta yangu ilikuwa kwa fundi, nikatumia ya Pandu, yeye kaenda kula. Dakika mbili nimemaliza. Pandu angeliitisha mkutano.

Sasa umejua kazi yangu. Miezi hii tu mambo yalikuwa mengi, nitakuja.

Mjukuu wako,
Wakil


Chwaka, 2 Oktoba 2024

Marahaba, mume wangu wa jina.

Goti lipo. Mardhiya kanisomea barua yako mara tatu, na kazi yako nimeielewa. Ni kazi ya mwani. Usicheke.

Nyuma ya mlango wangu kumetundikwa kamba ya kipimo. Si yangu, ni ya wanawake wote wa pwani hii, mimi mtunzaji tu. Vigingi vya mashamba yetu vimechomekwa kwa urefu wa kamba hiyo, na kila mwanamke anayetaka kukata kamba mpya za kufungia mwani huja kupimia hapa. Mwaka mmoja Mjaka, ambaye shamba lake liligota kwenye jiwe, akaona kamba hii ndefu inamsumbua. Akaikata pima moja, akaitundika, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Yeye mwani wake ukakaa vizuri. Wanawake thelathini wakaja wakapima, wakakata zao. Bamvua lilipokuja, maji yakatoka mbali, tukashuka pwani kufunga, na hakuna kamba hata moja iliyofika kigingi cha pili. Mbegu zikatuozea juani. Mjaka akasema, nilikata kidogo tu.

Hakuna aliyemkataza kukata yake. Ya mwenyewe mtu akipenda hujifungia hata kuni. Lakini ile ni ya watu. Mjaka hakusoma hata siku moja, wewe umesoma miaka kumi na sita, na mmefika pamoja.

Sasa nakuuliza, na unijibu. Hao wenye programu kumi nyengine, uliwaambia? Na Pandu aliporudi kula, ulimwambia kuwa ulikaa kwenye kiti chake? Hadhari unaiita uzee. Huo uzee ndio uliokushika kichwa ulipokuwa na degedege, baba yako kakimbia kwenda kutafuta gari na mama yako kazimia. Ungelelewa na mtu wa dakika mbili, leo usingekuwepo.

Bibi yako, ambaye anangoja jibu,
Kazija


Mji Mkongwe, 25 Oktoba 2024

Shikamoo bibi,

Natumai hamjambo wewe na Mardhiya. Mimi nnaendelea. Samahani nimechelewa, ofisi imechafuka.

Wiki iliyopita tulizijenga upya programu zote na kuzisimika. Badala ya kila moja kwenda mahali pake, zote zilikwenda mahali pamoja. Na kusimika kwetu huanza kwa kusafisha mahali hapo kwanza. Kwa hiyo kila iliyokuja ilimfuta mwenziwe aliyetangulia, na majina yaliyomo. Nakala ya akiba iliyopo ni ya Mei. Bwana Muhiddin, mkuu wetu, alitafuta akakuta faili la pamoja limebadilishwa, na jina lililobaki pale ni la Pandu. Jana kaambiwa aende nyumbani.

Inasikitisha. Nadhani alizidiwa na kazi. Tafadhali usimweleze Bi Bashira, ataumia.

Nimekutumia kanga, jozi moja, kwa mkono wa Ame.

Mjukuu wako,
Wakil


Chwaka, 3 Novemba 2024

Wakil,

Asalamu alaikum, kwa kuwa salamu ni sunna. Afya yako siiulizi. Najua unakula na unalala, na hilo ndilo linalonichukiza.

Kuhusu afya ya dada yako nitakwambia. Mardhiya alikwenda kliniki, kataja jina, kompyuta ikasema hayumo. Wanawake ishirini na matumbo yao kwenye benchi, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kila mmoja anaapa kuwa yeye ni yeye. Majibu ya damu ya nyuma hakuna, wakachomwa upya. Mmoja alikuwa na presha, na aliyempima mwanzo hayupo, hakuna aliyejua ilianza lini. Muuguzi maskini anatoka jasho kama yeye ndiye aliyewafuta.

Jumatatu akaja mtu na daftari. Pandu. Kafukuzwa Alkhamisi, Jumatatu yuko pale anakusanya kadi za kina mama moja moja, anaandika majina na tarehe kwa mkono ili wapatikane. Hakuna aliyemtuma. Wengine wanamnong'ona, ndiye huyo aliyetufuta. Anawasikia, anaendelea kuandika. Siku nne alikuwa pale.

Nikatoka kliniki nikarudi nyumbani, nikamwambia Mardhiya atoe barua yako ya Septemba. Akasoma. Alipofika kwenye kompyuta iliyokuwa kwa fundi, akainua macho kunitazama. Nikamwambia asome tena, polepole, isije ikawa masikio yangu. Hayakuwa masikio.

Alasiri nikaenda kwa Bi Bashira. Nikamuuliza Pandu mbele ya mamake kama alijua ni nani.

"Nilijua siku ileile, bibi," akasema. "Nilimngoja aseme mwenyewe."

Nikamuuliza alingoja mpaka lini.

"Mpaka nilipokuwa nakusanya vitu vyangu mezani. Aliinama, akawa anafunga kamba ya kiatu."

Bi Bashira hakunitukana. Alinimiminia chai, akanisogezea na mkate wa mofa, na nilitamani anitukane. Nimekaa na mwanamke yule mlango kwa mlango miaka arubaini, na siku hiyo chai yake niliiacha ikapoa.

Mume wangu wewe, umri wote huo, hujui kufunga kiatu upesi. Nimeona waongo wengi, wengine nimewazika. Lakini mwongo husema kitu, japo uongo. Wewe hata huo uliuogopa, ukauacha uzito wote umwangukie mwenzio kwa kunyamaza tu, halafu ukaniandikia mimi kuwa kazidiwa na kazi. Kwa mkono wako. Mimi sijui kusoma, Wakil, lakini barua naziweka.

Mjaka alikuja. Alisimama ukumbini kwangu mbele ya wanawake thelathini waliopoteza bamvua zima, akasema ni mimi. Tukamtukana siku tatu. Ya nne tukachangishana kamba, na yake tukampa. Wewe unaleta kanga. Ame anakurudishia, sikuuliza hata jina lililoandikwa juu yake.

Usiniandikie mpaka uwe umesema. Mardhiya anakusalimu; salamu za wengine sizikatazi.

Aliyekulea,
Kazija


Mji Mkongwe, 19 Januari 2025

Shikamoo bibi,

Nimesema.

Imenichukua wiki kumi na moja, na sitakudanganya kuwa nilikuwa natafuta wakati mzuri. Nilikuwa nangoja isahaulike. Juzi Alkhamisi, Bwana Muhiddin alituita sote, akaonesha ule mstari ukutani, akasema tazameni, hii ndiyo kazi ya Pandu. Watu wakacheka. Nikasema ni wangu. Akadhani namtetea rafiki. Ikabidi niseme mara ya pili, siku gani, saa gani, na kwamba nilikaa kwenye kiti chake yeye akiwa kaenda kula. Hapo hakuna aliyecheka.

Hadhari aliyoiandika Pandu imerudishwa kama ilivyokuwa. Yeye kapigiwa simu arudi, na kakubali kwa sharti moja: faili la pamoja lisiguswe na mtu peke yake, hata akiwa ni yeye. Lazima wawili walisome kwanza. Mimi tangu juzi hiyo sina kazi. Sina wa kumlaumu.

Sijui kama nina haki ya kuuliza, lakini nauliza: goti vipi? Mardhiya vipi?

Nataka kuja. Lakini Chwaka yote inajua, na sijui nitautazama vipi uso wa Bi Bashira. Nimefikiri ningoje Ramadhani ipite. Mpaka hapo watu watakuwa wameshasahau.

Mjukuu wako, ukiwa bado unanihesabu,
Wakil


Chwaka, 23 Januari 2025

Marahaba, Wakil. Marahaba sana.

Goti bovu. Mardhiya mzito, mkunga anasema wiki tatu. Jana alikwenda kupimwa, akaitwa kwa jina lake na la baba yenu, nami niko nje nasikia. Wote wamo sasa, na yule wa presha kajifungua salama, mtoto wa kike.

Barua yako nimesomewa nachambua mchele, na sikusimamisha mkono. Usitake nikupigie vigelegele. Aliyemtwika mwenzake mzigo wake, akauchukua baada ya wiki kumi na moja, hajabeba cha mtu, kabeba chake. Kwa muda huo Mjaka angekuwa keshavuna na kufunga tena. Lakini umesema mara mbili, na ile ya pili hakuna aliyekulazimisha. Hiyo nimeisikia. Nilimwambia Mardhiya airudie.

Sasa hilo la kungoja watu wasahau. Unawajua watu wa Chwaka? Mpaka leo wanaeleza nani alimwaga sufuria la pilau harusi ya mama yako, na aliyemwaga keshakufa. Hawasahau. Huzoea tu, na hawawezi kukuzoea wewe umejifungia Mjini. Na usiniulize utakula nini sasa. Hapa pana mihogo, na mimi nipo.

Nisikilize. Njoo Jumamosi hii, mchana kweupe, usije magharibi ukajibanza ukutani kama paka. Na usije kwangu kwanza. Tangu umejua kutembea, kwa Bi Bashira umepita uani, bila hodi, ukifunua masufuria yake kama ya mamako. Hiyo ilikuwa haki ya mtoto wa nyumba, na umeivunja kwa mkono wako. Safari hii pita mbele, mlango wa barabarani, na waliokaa barazani wakuone. Piga hodi. Taja jina lako lote, na useme ulichomfanyia mwanawe, kwa sauti ya kufika nje. Akikwambia karibu, usiingie, hiyo ni karibu ya mgeni. Keti barazani ungoje, hata ikiadhiniwa alasiri. Akikwambia zunguka uani, zunguka, umkunie nazi, umtekee na maji, ndipo uje kwangu ule. Asipokwambia, inuka bila kununa, ulale kwangu, na Jumamosi ya pili ukapige hodi tena.

Bibi yako,
Kazija