Diski ya Mama Mkwe

Shoga, roho imenichafuka. Shemeji yako huyu.

Si alijisifu kwamba kamnunulia mama yake kompyuta mpya? Leo imegoma kuwaka, na picha zote za marehemu baba mkwe zimo humo.

Fundi kaifungua pale sebuleni. Kasha la nje tu ndilo jipya. Diski ni ile aliyoing'oa mume wangu kwenye kompyuta yake mwaka juzi. Unajua anavyoandika kila kifaa kwa kalamu nyeusi. Hii kaandika: "Imechoka. Itupwe."

Itupwe. Halafu akampa mama yake mzazi.

Kaulizwa, eti watu wa dukani ndio walioandika. Bila haya.

Mama mkwe kavaa miwani, kasoma polepole, kisha kamwambia fundi, "Mwandiko huu nilimfundisha mimi."